Wafalme Waliochekwa

Historia huandikwa kwa wino wa namna nyingi. Upo wino wa mikataba, ambao hufungwa kwa mhuri. Upo wino wa hesabu, ambao husema nani alilipa na nani aliwiwa. Na upo wino wa dhihaka. Huu wa tatu aghalabu hudharauliwa na watu wa heshima kwa kuwa huchekesha. Walakini husema mambo ambayo ile miwili ya kwanza huyaficha. Katika insha hii nataka wewe, msomaji, uutazame wino wa tatu kwa makini, kwanza katika mji wa London, kisha hapa pwani kwetu, baina ya Mombasa, Kilifi na Malindi. Utaona kwamba watu wa pande hizi mbili, ambao hawakujuana, waliwacheka wakubwa katika miaka ile ile. Na utaona kwamba bendera ya mfalme aliyechekwa huko ilipandishwa huku kwa matumaini makubwa.

Tuanze na London. Tangu mwaka 1714 hata mwaka 1830 Waingereza walitawaliwa na wafalme wanne waliofuatana, kila mmoja wao akiitwa George. Katika zama hizo ilistawi biashara ya picha za dhihaka. Mchoraji alichukua bamba la shaba, akalipaka nta, akachora juu ya nta kwa sindano, kisha akalimiminia tindikali. Tindikali ilikula shaba pale sindano ilipopita, ikaacha mifereji myembamba. Nta ilipoondolewa bamba lilipakwa wino, likafutwa, likagandamizwa juu ya karatasi kwa mtambo. Wino uliobaki katika mifereji ukahamia karatasini. Baadaye watu wa kazi, mara nyingi wanawake, walizipaka rangi nakala moja moja kwa mkono. Picha isiyo na rangi aghalabu iliuzwa kwa shilingi moja, na yenye rangi kwa shilingi mbili. Maskini hakuweza kuinunua, lakini kuitazama hakukuwa na bei. Wenye maduka walizitundika picha mpya madirishani, na watu wakasongamana njiani, mwenye kofia ya hariri na mwenye kiatu kilichotoboka bega kwa bega, wakamcheka mtu yule yule.

Baba wa kazi hii alikuwa William Hogarth, aliyezaliwa mwaka 1697 akafa mwaka 1764. Mwaka 1751 alitoa picha iitwayo Gin Lane. Ndani yake unaona mtaa uliopotewa na akili kwa ulevi: mwanamke amekaa ngazini, amelewa hata hatambui kwamba mtoto wake anamponyoka na kuanguka, na mwenye duka la rehani anastawi kwa kuwa majirani wote wanamletea vyombo vyao wapate fedha ya kinywaji. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji holela wa kinywaji kile. Hogarth hakuipitisha sheria hiyo, lakini aliwaonyesha watu aibu yao wakiwa wamesimama dirishani.

Akafuata James Gillray, aliyezaliwa mwaka 1756 akafa mwaka 1815. Picha zake ziliuzwa na mwanamke mmoja hodari, Hannah Humphrey, na Gillray aliishi juu ya duka la bibi huyo. Mwaka 1792 alitoa picha mbili zilizokusudiwa kutazamwa pamoja. Katika moja alimchora mwana mfalme, ambaye baadaye alikuja kuwa George IV, amejinyoosha kitini baada ya mlo, tumbo linataka kukata vifungo vya kizibao, anachokoa meno kwa uma, na hati za madeni zimezagaa karibu naye. Katika nyingine alimchora baba yake, Mfalme George III, mtawala wa dola tajiri, anakula yai la kuchemsha kwa ubahili wa kusikitisha. Mwana ni mlafi, baba ni bahili: nyumba nzima ya kifalme imesemwa kwa karatasi mbili.

Huenda ukauliza, kwa nini wachoraji hawa hawakutiwa gerezani? Sababu ziko nyingi, nami nitataja mbili. Kwanza, sheria iliyotaka maandishi yakaguliwe na serikali kabla ya kupigwa chapa ilikoma Uingereza tangu mwaka 1695. Pili, dhihaka ina hila yake. Kumshitaki mchoraji, wakili wa serikali angelazimika kusimama mbele ya wazee wa baraza na kueleza kwamba yule mnene katika picha, mwenye uso wa kijinga, ndiye mfalme. Hapo kicheko kingehama kutoka njiani kikaingia mahakamani.

Kwa hiyo wakubwa walitafuta dawa nyingine, nayo ilikuwa fedha. Tangu mwaka 1797 Gillray alipokea kutoka serikalini paundi 200 kila mwaka, na sindano yake ikaanza kuwachoma zaidi wapinzani wa serikali hiyo. Mwaka 1820 kijana George Cruikshank alipokea paundi 100 kwa ahadi kwamba hatamchora mfalme mpya, George IV, katika hali ya kumvunjia heshima. Mwaka huo mfalme alikuwa katika ugomvi mkubwa na mkewe, Malkia Caroline, na maduka yalijaa picha za fitina ile. Fedha ilipokelewa, walakini hata baada yake kalamu ya Cruikshank haikunyamaza kabisa. Hapa pana somo la kwanza: kicheko ni mali, na mali hununuliwa. Kabla ya kuiamini picha ya dhihaka, uliza nani amemlipa mchoraji.

Sasa tuvuke bahari, na picha moja ya Gillray itatuvusha. Mwaka 1805 alimchora William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza, na Napoleon wa Ufaransa, wamekaa mezani wakiikata dunia kama keki. Napoleon anakata Ulaya kwa upanga. Pitt, kwa utulivu, anajikatia bahari. Mchoraji hakuifikiria Mombasa alipochora. Hata hivyo kipande cha Pitt kilikuwa na maana kwetu, kwa sababu miaka 19 baadaye manowari za Waingereza zilikuwa zimetia nanga chini ya Ngome ya Mombasa.

Katika miaka ile Mombasa ilitawaliwa na maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao hawakukubali kuwa chini ya Sayyid Said wa Oman. Mji haukuwa na maduka ya picha wala mitambo ya chapa, lakini ulikuwa na mabaraza, na barazani alikuwako Muyaka bin Haji. Alizaliwa yapata mwaka 1776 akafa yapata mwaka 1840, maana yake Gillray alikuwa kijana wa miaka 20 hivi Muyaka alipozaliwa, na wote wawili walifanya kazi katika zama za George III. Muyaka aliimba juu ya mapenzi, ufukara na mambo ya nyumbani. Lakini vita vilipokaribia ulimi wake ulikuwa mkali kama tindikali ya London. Mombasa na Pate ziliposhindwa na Lamu katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, maneno hayakukoma pamoja na mishale. Washairi wa Mombasa na wa Lamu waliendelea kupigana kwa beti, na upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi. Adui alitajwa kwa fumbo, akafananishwa na hiki au kile, na aliyesikia alilifumbua fumbo mwenyewe akacheka. Tena Muyaka hakuwaachilia watu wa mji wake walipogawanyika.

Pima, msomaji, ufundi wa hawa wawili. Mchoraji huchukua sifa moja ya mtu, tumbo, pua au ubahili, akaikuza mpaka ikamfunika mwenyewe. Mshairi huchukua tendo moja la mtu, akalivika fumbo, akalitia vina na mizani ili lisisahaulike. Picha huhitaji macho na shilingi. Ubeti huhitaji masikio tu, na mtu akiusha kuusikia huubeba kichwani mwake, akaufikisha Takaungu au Lamu bila kulipa nauli ya mzigo. Lakini Muyaka naye alikuwa rafiki wa nyumba ya Mazrui, na mishale yake mingi iliwalenga adui zao. Swali tulilomuuliza Gillray hatuna budi kumuuliza yeye pia: ulikuwa upande wa nani, na ni nani uliyemsamehe?

Mwaka 1823 merikebu za Sayyid Said ziliwasonga Wamazrui. Wakaomba msaada kwa Waingereza, na kabla hawajakubaliwa walishona wenyewe bendera ya Kiingereza wakaipandisha ngomeni. Mwezi wa Februari 1824 Kapteni William Owen alifika na manowari yake, Leven, akaiona bendera ile ya kushonwa nyumbani. Akafanya mapatano na liwali, Sulaiman bin Ali: mji utakuwa chini ya himaya ya mfalme wa Uingereza, nusu ya ushuru wa forodha itakwenda kwa Waingereza, na biashara ya watumwa itakomeshwa. Owen akamwacha Luteni John Reitz aangalie mambo, naye akafa kwa homa mwaka huo huo. Jina lake limebaki mpaka leo katika maji ya Port Reitz. Alimfuata Luteni James Emery.

Sasa zitazame sura mbili za mfalme mmoja. Watu wa Mombasa walimjua George IV kwa bendera yake, kwa mizinga ya manowari zake, na kwa maneno ya maofisa wake. Kwao alikuwa jina kubwa lenye nguvu ya kuzuia adui. Watu wa London walimjua kwa madirisha ya maduka, wakamwona mtu mnene aliyependa starehe na kuchoshwa na kazi. Mwaka 1826 serikali yake ilikataa mapatano ya Owen, na Emery akaondoka. Mwaka uliofuata mtawala wa Misri, Muhammad Ali, alimpelekea mfalme zawadi ya twiga aliyetoka Sudani, na mfalme akampenda sana. Wachoraji hawakuiacha nafasi hiyo: walimchora mfalme na twiga wake, wakauliza kwa picha kama hiyo ndiyo kazi ya mtawala wa taifa. Mnyama wa Afrika alipata mapenzi ya mfalme. Mji wa Afrika uliopandisha bendera yake ulikuwa umekwisha kuachwa.

Picha za London hazingeiokoa Mombasa, kwa sababu mambo ya dola huamuliwa na hesabu ya faida kuliko tabia ya mtu mmoja, na Waingereza waliuthamini urafiki wa Sayyid Said kuliko ngome ya Mazrui. Walakini msiba ule unatufundisha jambo. Anayekijua kitu kwa bendera yake peke yake anakijua nusu. Nusu ya pili iko katika vicheko vya wale wanaoishi karibu nacho.

Malipo ya ujuzi wa nusu yalikuwa makubwa. Mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji wa Mombasa. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia walitawanyika, wengine wakaenda Gazi upande wa kusini, wengine wakakaa Takaungu, karibu na Kilifi. Ukienda Takaungu kumbuka kwamba mji ule ulikuzwa na watu waliowahi kuiamini bendera.

Je, pwani ya Kilifi na Malindi ilinyamaza baada ya hapo? La. Waingereza walirudi mwishoni mwa karne ya 19, safari hii wakiwa watawala, na katika mwaka 1913 ofisa wao, Arthur Champion, alikuwa akiwataka vijana wa Giriama wakafanye kazi mashambani na katika kazi za serikali. Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, alikwenda huku na huku akicheza ngoma ya kifudu, na watu wakamfuata na kumsikiliza. Husimuliwa kwamba katika mkutano alimleta kuku mwenye vifaranga akamwambia ofisa ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Aliponyosha mkono kuku alimdonoa. Maana ikawa wazi bila mkalimani: ndivyo utakavyofanyiwa ukiwachukua wana wetu.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna nyingi, na msimuliaji mmoja huzidisha alichopunguza mwingine. Lakini kitazame kama ulivyozitazama picha za Gillray. Dola iliyotawala robo ya dunia imefanywa mtu mmoja, na mtu huyo amefanywa mwizi wa vifaranga, anadonolewa na kuku mbele ya wazee. Hiyo ni picha ya dhihaka iliyo kamili, ila bamba lake ni uwanja wa mkutano. Serikali haikucheka. Mekatilili na mwenziwe Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mwaka huo wa 1913 wakapelekwa Kisii, mbali sana na kwao. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwa miguu. Mwaka huo Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, palilipuliwa kwa baruti, na vita vikafuata. Linganisha adhabu hizi na zile za London. Gillray alimcheka mfalme akapewa paundi 200 kwa mwaka. Mekatilili alimcheka ofisa mdogo wa mfalme akahamishwa nchi. Uhuru wa kucheka, ambao Waingereza walijivunia kwao, haukupakiwa merikebuni pamoja na bendera.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni kicheko kinachoteremka. Mpaka hapa tumewasifu wanaowacheka wakubwa, lakini sindano ile ile iliwachoma wanyonge. Mwaka 1810 mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka kusini mwa Afrika, Sara Baartman, alionyeshwa watu mjini London kama kioja, nao wachoraji wakauchora mwili wake kwa kejeli na kuuza picha hizo. Hakuwa na duka la kujibu. Alikufa Paris mwaka 1815, na mifupa yake ilirudishwa Afrika Kusini mwaka 2002 tu.

Na sisi tusijitoe. Katika mabaraza ya pwani walicheka waungwana. Mtumwa aliyeleta kahawa hakuulizwa ubeti wake. Malindi ilipokaliwa upya kuanzia mwaka 1861, mashamba yake ya nafaka yalilimwa kwa jasho la watumwa, na mashairi yaliyohifadhiwa kwa uangalifu ni machache mno yanayosema kwa sauti zao. Dhihaka ni shahidi mzuri wa yale ambayo wenye sauti waliyaona kuwa ya kuchekesha. Ni shahidi mbaya wa maumivu ya wasio na sauti.

Basi ukikutana na picha ya dhihaka, iwe ya mwaka 1792 au ya gazeti la asubuhi hii, cheka kwanza, maana ndiyo haki yake. Halafu iulize maswali matatu. Nani anachekwa? Nani angestahili kuchekwa na hakuchekwa? Na nani amesimama nje ya kicheko, hana karatasi wala baraza? Swali la kwanza litakupa habari za mtawala. La pili litakuonyesha mkono unaomlipa mchoraji. La tatu litakufikisha kwa watu ambao historia iliwasahau.

Utaweza kuyauliza kwa sababu ushahidi haukupotea. Picha karibu 10,000 zilizokuwa za wafalme wenyewe katika jumba la Windsor zilinunuliwa mwaka 1921 na Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington, na huko zimetunzwa. Mashairi ya Muyaka yaliokolewa na kumbukumbu ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi na kalamu ya mmisionari William Taylor, yakachapishwa kitabuni mwaka 1940. Kisa cha kuku wa Mekatilili hakina kabati la kukihifadhi. Kinahifadhiwa na midomo ya wazee wa Kilifi na Malindi, nayo midomo hufumbwa mmoja mmoja. Wewe uliyejifunza kuandika waendee ungali na nafasi, uwasikilize, na wakicheka uandike walichokicheka.